Usambara si Usumbura: Kisa cha Ua la Dirishani

Wasomaji wa taarifa hii wamezoea kukuta humu mazungumzo juu ya methali, ngeli na vina. Leo twaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya ua. Hatukuiacha kazi yetu ya lugha tukakimbilia bustanini. La, lugha yenyewe ndiyo iliyotupeleka huko, kwa kosa tulilolifanya wenyewe mbele ya wanafunzi na ambalo ilitubidi tulisahihishe.

Sisi ni walimu wawili wa Kiswahili tukaao Mutakura, upande wa kaskazini wa mji wa Bujumbura. Twashirikiana nyumba moja ya kupanga, meza moja ya kusahihishia madaftari, na mfuko mmoja wa matumizi ambao aghalabu huwa mwepesi kabla mwezi haujafika mwisho. Siku moja, katika somo la majina ya rangi, mwanafunzi mmoja alileta picha iliyochanwa katika kalenda ya zamani. Ilikuwa picha ya mmea mfupi wenye majani ya mviringo yaliyoota vinyweleo kama mahameli, na katikati yake maua ya rangi ya zambarau. Chini yake palikuwa pameandikwa kwa Kifaransa kwamba hiyo ni violeti ya Usambara.

Mwanafunzi yule akauliza, “Mwalimu, si hapa kwetu? Babu husema kwamba mji huu zamani uliitwa Usumbura.”

Tulipaswa kusema kwamba tutatazama kwanza. Badala yake tulitabasamu, tukajibu, “Yamkini ndivyo.” Sote twajua jinsi neno “yamkini” lilivyo jepesi mdomoni mwa mwalimu, na jinsi linavyodondoka njiani kabla mtoto hajafika nyumbani. Juma lile halikwisha ila mtaa mzima ulikuwa na habari: kuna ua mashuhuri ulimwenguni lililochukuliwa na Wajerumani hapa Bujumbura, na walimu wamethibitisha. Mzazi mmoja alitusimamisha barabarani kutushukuru. Alisema kwamba ni mara ya kwanza mwanawe kurudi kutoka shuleni akiwa na habari njema juu ya mahali wanapokaa. Tulimshukuru naye, tukaenda zetu tukiwa na wasiwasi.

Tulipopata nafasi ya kufungua vitabu, wasiwasi ukageuka kuwa haya. Usumbura ni jina ambalo mji wetu ulilichukua katika enzi ya Wajerumani, walioweka kituo chao cha kijeshi hapa mwaka 1897, nalo likaendelea kutumika hadi uhuru wa mwaka 1962. Usambara ni pengine kabisa: ni milima iliyo kaskazini mashariki ya Tanzania, nyuma ya Tanga, nchi ya Wasambaa, ambao wenyewe huiita Shambaai. Baina ya majina haya mawili zimebadilika irabu mbili tu, na kwa irabu hizo mbili tulikuwa tumelihamisha ua kutoka karibu na pwani ya Bahari ya Hindi mpaka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Historia ya ua lile yafaa kusimuliwa katika taarifa ya walimu wa Kiswahili, maana inatugusa kuliko tulivyodhani. Aliyelipatia sifa ni Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya katika sehemu zile za Tanga. Alimpelekea baba yake huko Ujerumani, na kutoka kwa baba huyo likafika kwa Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa jamaa ile ya Saint Paul. La pili limetokana na Kigiriki, nalo maana yake ni “lenye maua kama violeti”.

Lakini Saint Paul hakuwa wa kwanza. Kabla yake, mwaka 1884, Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alikwisha kupeleka mmea wa namna hii uliokaushwa kwenye bustani za Kew karibu na London. Na mwaka 1887 alipeleka mwingine mmisionari wa pwani ya Kenya aitwaye W. E. Taylor. Hapo tulisita kusoma, tukatazamana. Ni Taylor yule yule ambaye mwaka 1891 alichapisha kitabu cha methali za Waswahili, na ambaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya tungo za Muyaka bin Haji zisipotee. Basi mkono uliookota methali zetu ndio uliochuma na ua hili. Mimea hiyo mikavu haikutosha kuwapa wataalamu wa Kew hakika ya kuliandika kama jamii mpya, ndiyo sababu jina likamwendea Saint Paul.

Sasa tulikuwa tunaujua ukweli, na ukweli ulikuwa lazima usemwe darasani. Twakiri kwamba tulichelewa. Sehemu ya kuchelewa kwetu ilikuwa aibu. Sehemu nyingine ilikuwa huruma: hatukutaka kuwanyang'anya watoto kitu kisha tuwaache mikono mitupu. Tukaazimia kwamba siku tutakapolivunja lile neno letu la “yamkini”, tuwe na ua lenyewe mezani, walione na kuligusa. Ndipo tukaanza kulitafuta madukani, tukiwa na fedha kidogo tulizozitoa katika mfuko wa sukari na sabuni.

Duka la kwanza lilikuwa kubwa, katikati ya mji, lenye vioo na baridi ya mashine. Tulikuta vyungu vitatu rafuni. Viwili vilikuwa vya zambarau ya kawaida. Cha tatu kilikuwa cha ajabu: kila jani la ua lilikuwa jeupe lenye mstari wa buluu katikati, hata ua zima likafanana na gurudumu la karatasi wachezealo watoto. Tulipoulizia bei, tuliambiwa kiasi ambacho kingetulisha juma zima. Tukamwuliza kijana wa duka linatoka wapi ua lile. Akajibu kwa adabu, “Hayo ni maua ya Ulaya, walimu.” Hatukuwa na haki ya kumcheka. Sisi tulikuwa tumelifanya la Burundi, naye amelifanya la Ulaya. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na hoja, kwa kuwa biashara yake ilianzia huko. Mbegu zilizopandwa Ujerumani na Uingereza zilivuka bahari mwaka 1926 hadi California, zikazaa aina zilizouzwa kwa wingi, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hili wakafanya maonyesho yao ya kwanza katika mji wa Atlanta. Tangu hapo zimezalishwa aina maelfu: zenye petali mara dufu, zenye kingo za mawimbi, zenye majani ya madoa meupe, na ndogo zinazotosha ndani ya kikombe cha chai. Mtoto wa Shambaai amezunguka dunia, naye anaporudi Afrika huitwa mgeni.

Tulipokuwa tunaondoka, kijana yule aliokota jani moja lililovunjika kutoka kwenye kile chungu cha ajabu, akatupa bure. Tulifurahi mno. Tulikwisha kusoma kwamba ua hili huzaliana kwa jani, tukadhani kwamba tumepata bila malipo kile ambacho tajiri hununua.

Pa pili palikuwa kando ya barabara, kwenye kitalu cha miche. Mwenye kitalu, mzee mpole, alituonyesha mmea ambao aliuita violeti, lakini majani yake yalikuwa laini yasiyo na vinyweleo, na shina lake lilikuwa refu lenye maji. Tulimshukuru, tukamweleza tunachokitafuta. Alitusikiliza, kisha akasema, “Ua hilo halipendi jua, na mimi nauza juani. Tafuteni kwenye madirisha ya watu.” Kwa hakika hayo yalikuwa maneno bora kuliko yote tuliyoyapata katika safari ile.

Pa tatu palikuwa duka dogo, karibu na kwetu. Nyuma ya makopo ya maziwa tulikiona chungu chenye mmea ulionyong'onyea, hauna hata ua moja. Mwenye duka alikuwa amekusudia kuutupa. Tuliupata kwa bei ya mikate miwili. Kwa faida ya wenzetu wenye mifuko kama yetu, twaeleza hapa tuliyojifunza kwa chungu hicho.

Kwanza, anayenunua ua hili kwa fedha chache asilitazame ua, alitazame jani. Maua hupita, na mmea uliokwisha kuchanua hushuka bei ingawa uhai wake u mzima. Jani likiwa gumu na kitovu cha mmea kikiwa hakijaoza, mmea huo utachanua tena. Pili, achunguze kama ndani ya chungu kimoja mna mmea zaidi ya mmoja. Chetu kilikuwa na vitovu vitatu vilivyosongamana, ndiyo maana kilikataa kuchanua. Tulivitenganisha kwa kisu kisafi, tukapata miche mitatu kwa bei ya mmoja. Mmoja ulioza, miwili ikaishi. Tatu, atafute vidudu vyeupe vifananavyo na pamba kwenye maungio ya majani, na mmea mgeni autenge na mingine kwa majuma machache. Nne, asimwagie majani maji baridi, kwani huacha madoa. Aweke maji ya uvuguvugu katika kisahani chini ya chungu, na yasiyonyweka ayamwage. Mahali pafaapo ni dirisha linalopata nuru ya asubuhi, si jua kali la mchana. Kwa udongo, sisi tulichanganya mboji ya majani, mchanga, na makapi ya mpunga yaliyochomwa nusu, kwa kuwa mpunga wa bonde la Imbo hautupi shida ya makapi. Vyungu vyetu vilikuwa makopo tuliyoyatoboa matundu kwa msumari.

Ama lile jani la bure, tulilikata kikonyo kwa mshazari, tukakiacha kirefu kama upana wa vidole viwili, tukakichomeka katika udongo mwepesi wenye unyevu. Baada ya mwezi lilishika mizizi. Baada ya miezi mitatu hivi, vijimajani vidogo kama masikio ya panya vilichomoza. Tulivitunza kwa tumaini kubwa. Vilipochanua, karibu mwaka ulikuwa umekwisha, na vyote vilikuwa na rangi moja tupu, bila mstari. Tulidhani tumekosea utunzaji, kumbe maumbile ndiyo yaliyo hivyo: mmea wenye mistari kama ile umeungwa kwa tabaka za chembechembe za asili mbili, na jani lake haliwezi kuzirudisha zote kwa mpangilio ule. Anayeutaka hana budi kupata chipukizi lake, au kuotesha kikonyo cha ua lenyewe. Basi msomaji akiombwa fedha nyingi kwa ua la mistari, ajue kwamba bei ile ina sababu yake. Na akipewa jani lake, asimtegemee mtoto afanane na mama.

Lakini tumetangulia mbele ya kisa. Wakati ule jani lilikuwa bado halijaota hata mzizi, miche yetu miwili haikuwa na tumba, na darasa lilikuwa bado linaamini uongo. Tukayakumbuka maneno ya mzee wa kitalu, tukaanza kutazama madirisha ya Mutakura.

Tuliliona kwa mama mmoja mshonaji, nyuma ya cherehani yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililokwisha kushika kutu. Maua yake yalikuwa ya zambarau iliyokoza, na kila petali ilizungushiwa ukingo mwembamba mweupe, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeyapinda kwa uzi. Katika maduka yote tuliyoyapita hatukuwa tumeona la namna ile.

“Shikamoo, Mama,” tulimwambia. “Ua hili umelinunua wapi?”

“Marahaba, walimu wangu. Sikulinunua,” alijibu. “Nimetoka nalo Kigoma.”

Akatusimulia bila kuacha kushona. Alizaliwa Mutakura. Vita vya miaka ya 1990 vilipoukumba mtaa, alikimbia na watoto, akavuka kwenda Tanzania, na hatimaye akawa anafua nguo kwa mama mmoja wa mjini Kigoma. Kwenye dirisha la mama huyo ndipo ua lilipokuwa. Miaka ilipita. Siku ya kurejea nyumbani ilipowadia, mama wa Kigoma alimwuliza ampe nini cha kumkumbukia. Akaomba jani moja. Alilifunga kwa pamba yenye maji, akalitia ndani ya kopo, na kopo akalipakata melini muda wote wa safari ya ziwa. “Mizigo mingine niliwaachia watoto waangalie,” alisema. “Kopo nilishika mwenyewe.”

Tulimweleza shida yetu yote: Usumbura, Usambara, na neno tulilolisema darasani. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Akaliondoa kopo dirishani, akatukabidhi. “Lichukueni kesho asubuhi mkawaonyeshe watoto. Lakini lirudi kabla ya saa kumi na moja. Halijapata kulala nje ya nyumba hii.”

Kesho yake tulilibeba kwa zamu, mmoja amelishika, mwingine akimtangulia kufungua njia. Darasani tuliliweka juu ya meza, tukaandika ubaoni majina mawili, moja chini ya jingine: USUMBURA, USAMBARA. Tukawaambia wanafunzi waziwazi kwamba tulikosea, kwamba tulijibu kabla ya kuchunguza, na kwamba ua hili, kwa kadiri ya maarifa ya wataalamu, huota lenyewe porini katika nchi mbili tu, Tanzania na Kenya, kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara, ya Taita na ya karibu na pwani, na kwamba misitu hiyo inazidi kupungua. Tukawaeleza pia kwamba si violeti halisi, bali liliazimwa jina kwa sababu ya sura yake, na kwamba hata lile jina la Saintpaulia, tangu mwaka 2015, wataalamu wameliingiza chini ya jamii kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus.

Kulikuwa kimya. Mwanafunzi aliyeleta kalenda alikuwa ameinamisha uso. Hatimaye aliuliza, “Basi si letu?”

Hatukuharakisha kujibu mara hii. Tukawasimulia jinsi kopo lile lilivyofika Mutakura: jani, pamba, meli na ziwa. Tulipokuwa tukisema, tuliona baadhi yao wakitazamana, kwa maana wengi katika darasa lile wana wazazi waliopita njia hiyo hiyo. Binti mmoja wa nyuma alisimama bila kuitwa, akasema, “Mama yangu naye alirudi kwa meli ile. Kama yeye ni wa Mutakura, na ua pia.”

Tulimwambia aketi, kwa sababu hatukuwa na jambo la kuongeza. Kisha tukarudi kwenye somo la rangi lililokatizwa majuma sita kabla. Tuliwauliza ua hili tuliite nani kwa Kiswahili. Wengine walitaka “violeti”, kwa kuwa ndilo walilolisikia. Wengine walitaka “urujuani”, neno lililotujia kutoka Uarabuni kwa maana ya rangi ya namna hii. Baada ya mabishano yaliyotufurahisha kuliko zoezi lolote la kitabu, darasa lilipitisha “urujuani wa Usambara”, nasi twaliweka mbele ya wenzetu walipime. Aliye na jina walitumialo wenyeji wa Shambaai na atuandikie; litakuwa na haki kuliko letu.

Kopo lilirudi dirishani saa kumi. Mama mshonaji alilikagua kama mzazi amkaguavyo mtoto aliyetoka safari, kisha akavunja majani mawili ya chini na kutupa. Tulimwomba atuambie bei. Akasema, “Mimi nilipewa.”

Majani hayo yameota, na watoto wake wana ukingo mweupe kama mama yao. Kwa kila mwanafunzi anayemaliza masomo tumekuwa tukitoa jani moja ndani ya pamba yenye maji, pamoja na karatasi yenye maelezo ya utunzaji kwa Kiswahili sanifu, ambayo huwa ndiyo imla yao ya mwisho. Hatujui mangapi yataishi. Twawasihi wenzetu walio karibu na misitu ya Usambara na ya pwani wasing'oe mmea wa porini, maadamu jani moja la dirisha la jirani latosha. Na kwa walimu wenzetu wote twaongeza hili: mwanafunzi akiuliza jambo tusilolijua, tumwambie kwamba tutalitazama, kisha tukalitazame. Neno hilo halina gharama. Sisi tulilikwepa mara moja, likatugharimu majuma sita ya aibu, ingawa mwisho wake ulikuwa ua.